Watu saba, njia moja yenye masikio: kisa cha Luchelele

Ombi lenyewe lilikuwa jepesi: Jumamosi ya mwisho wa Novemba, watu saba na baiskeli saba watafutiwe njia ya vumbi karibu na Mwanza ambayo kila mmoja ataifurahia. Aliyepiga simu ni kijana wa Mkolani, alikuwa akimpokea binamu yake kutoka Dar es Salaam. Mimi nakaa Nyegezi na siku za mapumziko huwa naongoza watu kwenye mapito ya upande huu wa jiji. Kisa hakina ajali kubwa wala shujaa. Nakiandika kwa sababu ugumu wake unarudi kila mara kikundi kinapochanganyika, na kwa sababu dawa ambayo wengi huikimbilia, yaani kutafuta njia ya wastani, hapa ingewaudhi wote saba kwa mpigo.

Binamu alikuja na baiskeli ya milimani hasa, shokapu mbele na nyuma, breki za diski, na mazoezi ya vilima vya Pugu na Kisarawe miguuni. Mkewe alikuwa ameanza kuendesha mwaka huo huo, tena kwenye lami tu. Mtoto wao wa kiume ana miaka 12. Mwenyeji wao ni mcheza mpira, ana pumzi ya kutosha, ila hajawahi kushuka mteremko wa mawe. Walikuwepo wauguzi wawili, marafiki wa familia: mmoja huenda kazini kwa baiskeli kila siku, mwenzake huiona baiskeli Jumapili. Wa saba ni mjomba, miaka 58, na Phoenix yake ya gia moja, keria pana nyuma, breki za vyuma.

Nilipouliza kwenye simu nani ana uwezo gani, nilipewa mstari mmoja: binamu juu kabisa, kisha mwenyeji, kisha mtoto, halafu wanawake, mwisho mjomba "kwa sababu ya umri". Mstari huo haukuwa na maana yoyote. Mjomba hubeba dagaa kutoka mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, hadi Mkolani karibu kila asubuhi. Kwa miguu peke yake alikuwa na nguvu kuliko wote, labda binamu tu ndiye angemkaribia. Alichokosa ni breki. Phoenix ina uzito wa kilo 20 hivi kabla hujaweka mzigo, na rimu yake ya chuma ikilowa, raba za breki huteleza juu yake na kushika kwa kuchelewa sana. Mtu wa namna hiyo mpe mlima wowote apande, lakini mteremko mmoja mkali unaweza kummaliza.

Mtoto naye alikuwa kinyume chake. Mwepesi, hana woga, akianguka anainuka anacheka, lakini baada ya saa moja na nusu mafuta yanakwisha ghafla na hapo hasogei. Muuguzi wa kila siku ana mapafu mazuri, ila amezoea kubana breki zote mbili kila anapoona jiwe, na kwenye mchanga mtindo huo humwangusha mtu. Kwa hiyo niliwapima kwa mambo matatu tofauti: pumzi, ufundi wa kushuka, na chombo anachoendesha. Nilipowapanga kwa pumzi nilipata orodha moja, kwa ufundi nikapata nyingine, kwa chombo ya tatu, na hakuna mbili zilizofanana. Ukishaliona hilo, wazo la njia ya wastani linajifia lenyewe, maana wastani wa nini?

Binamu alikuwa na pendekezo lake: Kisesa. Alisikia kuhusu Bujora, makumbusho ya Wasukuma pale juu penye majabali, akachora kwenye simu mzunguko mrefu unaotoka mjini, unapita Igoma, unaingia ndani kwa njia za ng'ombe na kutokea Bujora. Kwa mtu kama yeye, mwezi wa saba, ni mzunguko mtamu. Nilikuwa na sababu mbili za kuukataa.

Ya kwanza ni barabara ya Musoma. Kabla hujafika kwenye vumbi unaendesha kilomita nyingi ukiwa na malori na mabasi ubavuni. Anayeyumba kidogo kwenye lami tupu huyumba zaidi basi linapompita. Hapo ugumu hauhusiani kabisa na mlima wala mawe, na watu wanaopanga njia kwa kuangalia ramani ya vilima huusahau kila siku.

Ya pili ni udongo. Vuli ilikuwa imeshika, na mvua kubwa ilinyesha usiku wa Alhamisi. Wasukuma wameipanga ardhi yao kwa majina toka zamani, kuanzia kilele hadi bondeni, na mpangilio huo humfaa mwendesha baiskeli kuliko ramani yoyote. Juu ni majabali. Chini yake kuna luseni, mchanga mwepesi unaonyonya maji, siku moja baada ya mvua unapitika vizuri tena kwa raha. Chini zaidi unakuta itogolo, ardhi ngumu ambayo wakati wa kiangazi ni kama sakafu lakini mvua ikinyesha maji hutuama juu yake. Bondeni kabisa ni mbuga, ule udongo mweusi. Mbuga iliyolowa huganda kwenye tairi, ikajaa kwenye uma na chini ya fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo mwenye nguvu na asiye na nguvu wote wanabeba baiskeli begani. Mzunguko wa binamu ulikatisha mabonde mawili ya namna hiyo.

"Kaka, mimi sikuja Mwanza kuendesha uwanjani," alisema nilipompigia kumweleza. Nilimwelewa. Kama ningempeleka barabara tambarare ya kilomita ishirini angekuwa amepotezewa siku yake, na mtu aliyepotezewa siku huanza kukimbia mbele, wengine wanamfukuzia, na hapo ndipo watu wanapoumia. Mahitaji ya mwenye uwezo mkubwa ni sehemu ya usalama wa kikundi. Waongozaji wengi huwafikiria wanyonge peke yao, kisha wanashangaa kikundi kimepasuka kabla ya nusu ya safari.

Alipendekeza pia tugawane makundi mawili, kila moja na njia yake. Ni wazo zuri pale ambapo kuna watu wawili wanaoijua njia. Mimi nilikuwa peke yangu, na upande huu njia zetu hazina vibao. Anayekosea kona haishii kwenye njia nyingine, anaishia uani kwa mtu au kwenye shamba la mihogo.

Nikachagua Luchelele, kusini mwa jiji, ng'ambo ya Malimbe kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Sababu haikuwa urahisi wake. Nilichofuata ni umbo lake. Kuna barabara ya vumbi inayokwenda kuelekea ziwani, pana, miinuko ya kawaida, sehemu kubwa ni luseni. Hiyo niliifanya uti wa mgongo. Kutoka kwenye uti huo mapito ya miguu yanachepuka, yanapanda kwenye kigongo cha mawe au yanashuka upande wa ufukwe, halafu yanarudi barabarani mbele kidogo. Mimi huyaita masikio. Anayetaka kazi anachepukia sikioni, anayetaka utulivu anabaki barabarani, na wote wanakutana palepale sikio linapofungika.

Kazi kubwa ni kulinganisha muda, na hapa watu huangalia kilomita wakati wanatakiwa kuangalia dakika. Kati ya kituo cha kwanza na cha pili, yaani sikio linapoanzia na linapofungika, barabara ina kilomita mbili hivi. Mke wa binamu, kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, angetumia dakika 15. Sikio la kigongoni lina kilomita tatu na mlima juu yake, na binamu kwa wastani wa kilomita 12 kwa saa angetumia dakika 15 vilevile. Hakuna anayemsubiri mwenzake akipoa jasho, na hakuna anayefika wa mwisho huku wengine wameshamaliza soda na wanaanza kuondoka. Jambo hili la mwisho ni dogo lakini linaumiza: anayefika wa mwisho mara nyingi ndiye asiyepata mapumziko, na ndiye anayeyahitaji.

Nilipima pia vizuizi. Chama cha kimataifa cha baiskeli za milimani, IMBA, kina mfumo wa alama unaotumika sehemu nyingi duniani: duara la kijani kwa njia nyepesi, mraba wa buluu kwa njia ya kati, almasi nyeusi kwa ngumu. Katika mfumo huo kijani huwa na upana wa sentimita 90 hivi, mwinuko wa wastani usiozidi asilimia 5, na kizuizi kisichokwepeka kisichozidi sentimita 5 kwa kimo. Buluu huruhusu wastani wa hadi asilimia 10 na kizuizi cha sentimita 20, nyeusi huenda hadi asilimia 15 na sentimita 38. Cha kukumbuka ni hilo neno kisichokwepeka. Jiwe kubwa ambalo unaweza kulizunguka halikuzuii. Ila jiwe la kimo cha goti lililoziba upana wote wa njia, hata kama liko peke yake katika kilomita tatu, ndilo linaloamua nani apite.

Namba hizi zimetungwa kwa njia zilizochongwa kwa ajili ya baiskeli. Za kwetu zimechongwa na ng'ombe, mbuzi na watu wanaokwenda kuchota maji, na hao wote wana miguu ya kuruka. Ndiyo maana pito la Luchelele laweza kuwa kijani kwa kilomita mbili na nusu, ghafla likawa jeusi kwa mita kumi, halafu likarudi kijani kama hakuna kilichotokea. Sikio la kigongoni lilikuwa hivyo hasa: upande mmoja unapanda pole pole kwenye mchanga, upande wa pili unashuka kwenye bamba la jabali lenye ngazi mbili za asili, zinazokaribia kimo cha goti.

Na hapo uamuzi ninaouona wa maana kuliko mengine yote ulikuwa kugeuza mwelekeo. Binamu alianzia kwenye mchanga, akashuka jabalini. Wengine waliotaka sikio walilianza kinyume: walianzia jabalini kwa kusukuma baiskeli, wakafika juu, wakashuka kwa upole upande wa mchanga. Njia ni ileile, mawe ni yaleyale, lakini kwao ngazi zikawa kitu cha kupandisha baiskeli kwa mikono badala ya kuzirukia kwa kasi. Mjomba aliposikia mpango huo alicheka.

"Shikamoo mjomba," nilikuwa nimemwamkia. "Utakwenda huko juu na sisi?"

"Marahaba. Kusukuma si ndiyo kazi yangu? Mniambie tu wapi pa kupanda."

Mielekeo miwili kwenye pito jembamba ina hatari ya watu kugongana uso kwa uso. Kwa hiyo binamu alitangulia peke yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia sikioni mpaka atokeze upande wa pili. Wakati wa kumsubiri tuliutumia kumfundisha mtoto na muuguzi wa Jumapili kusimama kwenye pedali zikiwa sawa kwa kimo na kurudisha makalio nyuma ya kiti.

Sikio la pili, la ufukweni, nililifuta siku moja kabla. Kwa macho ndilo zuri zaidi, na binamu picha zote angepiga huko. Lakini baada ya mvua pito linakatisha sehemu mbili zenye maji yaliyotuama penye magugu, na hakuna namna ya kupita bila kulowesha miguu. Ufukwe wa Ziwa Viktoria upande wetu una kichocho, na konokono wanaokibeba hupenda maji hayo hayo yaliyotulia. Vimelea hupenya ngozini hata bila jeraha, kwa dakika chache tu. Tuna dawa yake hospitalini, lakini sioni kwa nini mtu ajitafutie kichocho kwa ajili ya mita hamsini za tope. Muuguzi wa kila siku ndiye aliyelisema hilo kabla yangu, akawakataza pia kuoga ziwani mwisho wa safari.

Ijumaa nilipita kwa mwenyekiti wa mtaa kumjulisha. Haikuchukua hata robo saa. Akaniambia pito moja limelimwa mihogo wiki hiyo, tusilipite. Hakuna simu wala ramani ambayo ingenipa habari hiyo.

Siku yenyewe tulianza saa moja na nusu asubuhi. Binamu alilalamika kidogo kuhusu hewa ya juu. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na ni kweli yeye katoka pwani, ila hewa haijawa nyembamba kiasi hicho. Nadhani ilikuwa safari ya basi. Nilipunguza upepo kwenye tairi za baiskeli tatu zilizokuwa zimejazwa kama za lami, zikiwa ngumu mno kwa mchanga. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi pana na tyubu ndani, paundi 30 hivi zinatosha. Ukishuka chini sana tyubu inang'atwa na rimu kwenye jiwe la kwanza.

Mkia wa msafara nilimpa binamu. Hapo ndipo pakawa na ubishi wa kweli, maana kila mtu alitegemea aongoze. Lakini mwenye kasi kubwa akikaa mbele anavuta wote kwa mwendo wake bila kujua, na mwenye ufundi mkubwa akikaa mbele hayupo pale mnyororo unapokatika nyuma. Nilimwambia wazi: sikio lote ni lako kwa kasi yako, barabarani wewe ni mkia, una pampu, viraka, spana na tyubu. Alikubali shingo upande. Mambo ya tyubu nayo yalihitaji akili, maana ukubwa wa magurudumu ulikuwa wa aina tatu, na ya binamu ya inchi 29 si rahisi kuipata kwa fundi wa huku. Ya mjomba ya inchi 28 utaipata karibu kila kijiwe.

Kigongoni binamu alishuka jabali mara moja, akarudi juu, akashuka tena. Granaiti kavu hushika tairi vizuri sana, kwa sababu uso wake umekwaruzika. Mtego uko pale chini, penye chembe za mchanga zilizotiririshwa na mvua juu ya jabali: hapo tairi huviringika kama juu ya mtama uliomwagika. Alipopaona alishuka akapafagia kwa mguu, jambo lililonifanya nimheshimu kuliko kasi yake yote.

Walipofuata wengine, mjomba alifika juu wa kwanza, Phoenix begani kwenye ngazi zote mbili, akamsubiri mtoto ampokee ya kwake. Mwenyeji alisukuma kwa aibu kidogo, mpaka alipomwona mjomba anabeba. Mke wa binamu hakuingia sikioni kabisa, alibaki barabarani na muuguzi wa Jumapili, na walifika kituoni dakika tatu kabla yetu. Muuguzi wa kila siku ndiye aliyeanguka: kwenye mteremko wa mchanga alibana breki ya mbele, usukani ukakunjika, akalala ubavu. Mkwaruzo wa kiwiko, basi. Mteremko huo ulikuwa mpana na haukuwa na jiwe, ndiyo maana anguko lilibaki kuwa anguko. Kama angebana breki hivyo upande wa jabali, ningekuwa naandika kisa kingine.

Mtoto aliishiwa mahali nilipotegemea, karibu na kituo cha tatu. Kwa kuwa tulikuwa kwenye uti wa mgongo na si katikati ya mzunguko mrefu, njia ya kurudi ilikuwa fupi na ya kuteremka. Alikula chapati mbili gengeni, akapata nguvu ya kurudi mwenyewe. Mama yake alirudi naye polepole. Binamu na mwenyeji walirudia sikio mara ya tatu huku sisi wengine tumekaa kivulini tukimsikiliza mjomba akieleza jinsi ya kufunga dagaa wasimwagike.

Kuna lililonisumbua katika mpango huu, na bado sijalipatia dawa. Kukaa barabarani kulimfaa mke wa binamu kwa usalama, lakini hakujifunza kitu. Muuguzi aliyeanguka alijifunza zaidi yake. Kikundi chenye masikio humlinda mgeni vizuri kiasi kwamba anaweza kwenda safari kumi na akabaki mgeni. Alipokuwa anapakia baiskeli aliniuliza, "Shem, na mimi lini nitapanda kule?" Nilimjibu kwamba kabla ya mlima ananidai saa moja kwenye uwanja wa shule, kona na breki tu, na tukapanga aje na mumewe wakija tena.

Kisesa nayo sijaifuta. Mbuga ikikauka baada ya masika, mwezi wa sita au wa saba, nitawapeleka, ila baiskeli zitapanda kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, hadi Kisesa penyewe ili barabara ya Musoma tusiiguse. Mjomba amesema atakuja kwa sharti moja, fundi ambadilishie raba za breki kwanza, na nimeongeza sharti langu kwamba siku hiyo mvua isiwe imenyesha usiku.